Kisanduku cha Matundu Mawili

Mwanangu Zainabu,

Salamu tumeshapeana leo mara tatu. Ya mwisho ni hii ya saa tisa, ulipopita hapa studio kuniletea chai ukanikuta nimeikodolea macho karatasi. Ukauliza, "Baba, unaandika nini?" Nikakujibu ni tangazo la muuza viatu. Nilikudanganya, na wala si mara ya kwanza. Kesho alfajiri unapanda basi la Chemba kwenda kuanza ualimu, kwa hiyo ninayotaka kuyasema ni lazima niyamalize leo kabla ya Magharibi, la sivyo nitayaahirisha tena kama nilivyoyaahirisha miaka mitano.

Mama yako ameshakupa maagizo yote: neti, maji ya kuchemsha, kumsalimia mwenyekiti wa kijiji kabla hujafungua hata begi. Mfuate yeye. Mimi kazi yangu ni kulijibu lile swali lako ulilonichosha nalo wiki tatu sasa: "Baba, ninunue saundi kadi gani?" Kila ulipouliza nilisema tutaongea. Ukaniletea simu, ukanionyesha picha moja baada ya nyingine: hii ina matundu mawili, hii manne, hii ina taa za bluu, baba, hii vipi? Nikasema nina mteja. Hakukuwa na mteja, na wewe uliona kiti kitupu.

Ulidhani ninakuonea choyo fundi mwenzangu mtarajiwa. Mama yako alidhani ninaogopa utaacha ualimu ukawe mtu wa miziki. Sikuogopa hayo. Niliogopa sababu yako ya kutaka hicho kifaa. Ulisema unataka kurekodi watoto wa shule wakiimba, halafu ukasema, "Na hadithi za Bibi Tatu huko Chemba, kabla naye hajaondoka. Maana zile za bibi Hawa ndiyo hivyo tena, diski iliungua."

Diski haikuungua, Zainabu.

Nimeliandika hilo nikanyanyuka, nikaenda mlangoni, nikarudi. Nje, kwenye spika ya muuza mchele, najisikia mwenyewe: "Njoo mama, njoo dada, mchele wa kunukia, ukipika jirani anabisha hodi!" Tangazo hilo nililirekodi mwaka juzi, na tangu hapo linajirudia kutwa nzima. Hatua kumi mbele kuna la ndala, nalo ni mimi. Soko zima la Majengo hapa Dodoma linapiga kelele kwa koo langu. Nimechoka na sauti hiyo kuliko unavyoweza kufikiri, na kila nikiisikia nakumbuka kwamba hii ya kuuzia ndala ipo salama, nina nakala zake tatu, ila ya mama yangu nimeiharibu kwa mikono yangu.

Watu husema mficha uchi hazai. Ngoja niuanike wangu, nianzie mbali kidogo, maana kosa lenyewe lilianzia mbali.

Bibi yako Hawa alikuja mjini akiwa mke wa muuza nafaka. Baba yangu alikuwa Mrangi, yeye Msandawe, na nyumbani lugha ikawa Kiswahili, kama ilivyo nyumba nyingi hapa. Lakini tukiwa wawili tu, mimi na yeye, alinisemesha kwa lugha yake, na aliniita kwa jina lake yeye. Idi ni jina la baba, kwa kuwa nilizaliwa siku ya Idi. Lile la mama lilianza na kidoko, ule mlio wa ulimi ukigota kwenye kaakaa, halafu kikafuata kineno kifupi. Lugha yao imejaa vidoko. Kwao ni herufi, kama sisi tulivyo na b na d. Ukikitoa kidoko kwenye neno, neno limekufa au limekuwa jingine.

Nilikuwa na miaka tisa hivi siku aliyokuja kunitafuta sokoni. Nilikuwa nyuma ya magunia nacheza gololi na wenzangu. Akaniita kwa jina lile, kwa sauti, mbele yao. Wenzangu walicheka mpaka wakagaragara chini. Wiki nzima wakawa wananifuata nyuma wakigotesha ndimi kama watu wanaoswaga punda. Shuleni nako hali ilikuwa hiyohiyo, ukikamatwa unaongea lugha ya nyumbani unavishwa kibao shingoni mpaka jioni. Basi nikaenda kwa mama. Alikuwa anapepeta mtama. Nikamwambia, "Mama, usiniite vile tena. Niite Idi. Na usinisemeshe vile."

Hakukasirika. Ungo ulisimama kidogo mkononi, halafu ukaendelea. Akasema, "Haya, Idi."

Akaacha. Hakurudia hata nikiwa mgonjwa. Nilidhani nimeshinda, na nilikwenda kucheza.

Sasa twende kwenye saundi kadi, maana usije ukasema baba ameruka swali.

Nilipofungua studio hii nilikuwa na laptop moja kuukuu na maiki moja. Laptop yenyewe ina kitundu cha maiki ubavuni, lakini ukirekodi kwa hicho unasikia feni, unasikia umeme unavyonguruma, na sauti inakuwa ya mtu aliye ndani ya pipa. Kwa hiyo unahitaji kile kisanduku cha nje: maiki inaingia humo, chenyewe kinaipokea sauti, kinaikuza, kinaiingiza kwenye laptop kwa waya wa USB. Hilo unalijua. Usilolijua ni jinsi nilivyokichagua cha kwangu.

Nilimwagiza mtu Dar es Salaam aniletee cha matundu manane. Cha mtumba, kizito, kina taa mbele zinazopanda na kushuka za kijani na nyekundu. Fundi Lameck, huyu wa redio aliye mlango wa pili, alikuja kukiangalia siku kilipofika. Alikizungusha, akakichomeka, akavaa hedifoni, akasikiliza muda mrefu hadi nikakereka.

"Lameck, si useme jambo?"

"Mbona kinapumua hivi?" akaniuliza.

"Kinapumua nini?"

"Kina shshsh. Sikiliza mwenyewe. Mimi ningechukua kile kidogo cha matundu mawili. Kina kimya."

"Kaka, kwaya ina watu thelathini. Matundu mawili nitamrekodi nani, mimi na mke wangu?"

Lameck akacheka, akavua hedifoni. "Sawa bwana. Ila usihesabu matundu. Vaa hii, nyamaza, sikiliza kimya chake."

Sikumsikiliza. Nilitaka mteja akiingia aone taa, ajue hapa ni studio si kibanda. Na kweli taa zilileta watu. Kwaya zikaja, kaswida zikaja, wagombea wa udiwani wakaja. Watu thelathini wakiimba kwa pamoja hawajali kisanduku kinapumua au hakipumui, wanakifunika. Matangazo ya sokoni ndiyo kabisa, maana huyo anayepiga kelele ni mimi. Miaka mingi nilidhani Lameck alikuwa na wivu.

Halafu mama akaja kutibiwa macho. Ulikuwa kidato cha nne, bwenini, kwa hiyo hukuyaona haya. Baba alishafariki na yeye alikuwa amerudi zamani kwao Chemba kuishi na mdogo wake, Tatu. Alikaa kwetu msimu mzima wa mvua. Mchana alikuwa anachoka kukaa nyumbani peke yake, akawa anakuja hapa studio, anakaa kwenye kile kiti cha plastiki chini ya godoro nililoligongomea ukutani kuzuia mwangwi. Siku moja nikamwambia, kwa utani tu, "Mama, na wewe si ungeimba, nikurekodi?"

Akasema, "Kuimba siwezi. Nitakupa hadithi. Lakini kwa lugha yangu. Kwa Kiswahili hazina ladha."

Nikawasha. Zilikuwa alasiri nyingi, Zainabu, mvua ikikatika tu tunaanza. Kabla ya kila hadithi alinigusa goti akaniita kwa lile jina. Baada ya miaka arobaini na ushee! Nadhani alihesabu kwamba lugha imeruhusiwa tena ndani ya chumba hiki, basi na jina limeruhusiwa. Nilisikia joto likinipanda usoni, kumbe mtu mzima na mvi zake bado anaona aibu ya gololi. Yeye akaendelea. Mimi sikuwa naelewa ila neno mojamoja, sungura, maji, mama. Hadithi zao zinataka mtu wa kuitikia, msimuliaji akifika mahali anasubiri aitikiwe ndipo aendelee. Mimi nilikuwa nasema "mh" tu. Wakati mwingine nilisema "mh" pasipo pake, akacheka.

Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyezoea kuongea na aliyekaa karibu. Na hapo ndipo kisanduku changu cha matundu manane kiliponiumbua. Nilizungusha kitufe cha kukuza sauti mpaka mwisho, bado mama alikuwa mbali, na nyuma yake ile shshsh ya Lameck ikajaa kama mafuta ya kukaangia. Matundu saba yalikaa wazi bure, na la nane halikuwa na nguvu ya kumbeba mwanamke mmoja mzee. Debe tupu haliachi kuvuma. Nikasema haidhuru, nitasafisha baadaye kwenye kompyuta.

Alirudi Chemba macho yakiwa afadhali. Miezi miwili baadaye akafariki, usingizini, Mungu amrehemu. Nilikwenda kumzika. Ndugu wakasema, Idi, tumesikia una sauti yake, ije siku ya arobaini tuisikie. Nikaahidi mbele ya watu wote. Mama mdogo Tatu alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Wewe ulikuwa kwenye mitihani, tukaamua usivurugwe.

Sasa nisome taratibu hapa, kwa sababu hili ndilo kosa lenyewe. Siku chache kabla ya arobaini nilikaa hapa kuzisafisha zile rekodi. Programu ninayoitumia inafanya mambo mawili. La kwanza, inaondoa ile shshsh. La pili nilikuwa nalitumia kwa kanda za zamani za kaswida ambazo watu huniletea, zile zenye mipasuko na mikwaruzo: unaiambia programu itafute kila mlio mfupi mkali, iuondoe, izibe tundu lake kwa sauti ya jirani. Inafanya kazi vizuri sana. Kaswida ya miaka thelathini inatoka kama ya jana. Nikasikiliza rekodi za mama na hedifoni, nikasikia shshsh, na juu yake milio mifupi mikali mingi, ta, ta, tk. Nikasema, kifaa hiki kibovu kweli.

Unaelewa nilichosikia? Nilimsikia mama yangu anaongea, sikio langu likaniambia ni uchafu.

Nikaziweka rekodi zote kwenye foleni, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai. Kompyuta ilikuwa imejaa matangazo, haina nafasi, kwa hiyo niliiruhusu iandike juu ya zile za mwanzo. Niliporudi nikasikiliza dakika mbili tatu. Sauti imetulia, nyororo, haina hata chembe. Nilijisifu, Zainabu. Nilimwita Lameck aje asikie. Lameck ni Mgogo wa Mlali, naye hakijui kidoko wala nini. Akasema, "Hapo umeua, kaka." Alinisifia. Na kweli nilikuwa nimeua.

Arobaini ilisomwa, watu wakala, nikaweka spika yangu ya betri juu ya kigoda uani. Nyumba ya mama mdogo Tatu haina umeme, ina kisola cha taa tu na kuchajia simu. Watu walikaa kwenye mikeka, wazee mbele, wanawake upande wa jikoni. Nikabonyeza.

Mwanzoni wote walitabasamu, kwa kuwa pumzi ilikuwa yake, na kile kikohozi chake. Halafu kijana mmoja akacheka, mama yake akampiga kibao cha mgongo. Wazee wakaangaliana. Mmoja akainamisha kichwa akawa anachora chini kwa fimbo. Mimi nikadhani wamezidiwa na majonzi, nikaongeza sauti.

Mama mdogo Tatu akanyanyuka, akaja mpaka kwenye spika, akainama akatega sikio. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kile, "Huyu nani?"

"Ni mama, mama mdogo."

"Hapana. Huyu mtu amekatwa ulimi. Dada yangu hakukatwa ulimi."

Nikaanza kueleza habari za programu, mikwaruzo, kusafisha. Alinisikiliza yote. Akasema, "Umemuosha."

"Ndiyo, mama mdogo. Nilitaka isikike vizuri."

"Na kabla ya kumuosha, wewe ulielewa anasema nini?"

Nikasema hapana.

"Na sasa unaelewa?"

"Hapana."

"Basi," akasema, akajifunika kanga usoni, akakaa palepale chini karibu na spika.

Watu wakaanza kutawanyika polepole, kwa adabu, kila mmoja ananipa mkono. Ingekuwa bora wangenitukana. Mimi nikaanza kukunja waya, spika bado inaongea kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kuigusa. Ndipo nikasikia sauti mbili. Mama anaongea kwenye spika, na chini ya kanga mama mdogo Tatu anaongea naye, neno kwa neno, na kila palipokuwa na tundu anaweka kidoko chake. Hadithi zilikuwa zao wote wawili, walifundishwa na mama mmoja kwenye jiko moja. Alikuwa anamrudishia dada yake ulimi.

Unajua nilifanya nini? Nikazima.

Niliona aibu ya kuisikia, nikazima, nikasema, "Samahani, mama mdogo, imetosha." Alifunua uso akaniangalia tu. Halafu akaenda kuosha vyombo.

Kwenye begi nilikuwa na maiki. Nilikuwa na laptop imejaa chaji. Na kile kisanduku changu chenye taa nilikiacha Dodoma, maana hakiwaki bila kuchomekwa ukutani, na kule hakuna ukuta wenye umeme. Kwa hiyo hata ningekuwa na akili ya kumrekodi siku ile, nisingekuwa na kifaa. Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi kuliko nilivyorudia Fatiha, Mungu anisamehe.

Uliporudi kutoka bwenini ukaomba kusikia hadithi za bibi, nikakwambia diski imeungua. Ukanipa pole. Ulinipa pole, ukanichemshia chai, na mimi nikaipokea nikainywa. Tangu siku hiyo sijakanyaga Chemba. Natuma sukari na ngano kwa makondakta. Mama mdogo hunitumia salamu kila mara, "Mwambieni Idi, njia haijaota majani." Mimi najibu kazi zimenibana. Kazi gani? Kumpigia mtu kelele za ndala.

Ungefika kule kesho kutwa ungeyasikia haya kwa mtu mwingine kisimani, na ungenitetea. Najua ungenitetea. Ungesema baba yangu hawezi, diski iliungua. Hilo ndilo lililonikalisha hapa leo na kalamu. Ukinikasirikia, unikasirikie mimi mwenyewe kwa kinywa changu, usije ukapigana kwa ajili ya uongo wangu mbele ya ndugu zako.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu kwa mama yangu yamekuangukia wewe, mjukuu wake.

Basi nakujibu swali. Usinunue kitu. Fungua begi lako la nguo, chini kabisa, utakuta kanga ya bibi yako, ile ya kahawia, na ndani yake kisanduku cha matundu mawili, maiki mbili na hedifoni. Nilikwenda kukichagua Jumamosi ile niliyosema nimekwenda msibani. Muuzaji alitaka kunisomea namba zilizoandikwa kwenye boksi, nikamwomba anyamaze, nikavaa hedifoni. Nikamwomba msichana wake wa dukani anong'one karibu na maiki, nikazungusha mpaka nikasikia kila neno, kisha nikamwomba anyamaze. Nilikaa nikisikiliza kisichokuwepo. Walidhani nina wazimu. Kilikuwa kimya, Zainabu, kimya cha kweli. Hakina taa ila mbili, na hakichomekwi ukutani, kinakula umeme wa laptop yako kwa ule ule waya wa USB, na hiyo laptop utaichaji shuleni ambako wanayo sola kubwa. Kina kitufe cha kuzipa umeme maiki, hizo nilizokuwekea bila huo hazisemi. Na hedifoni chomeka kwenye kisanduku chenyewe, si kwenye laptop, usikie papo hapo bila sauti kuchelewa.

Ukirekodi usipandishe hadi taa iwe nyekundu. Sauti iliyopasuka hairudi. Acha nafasi juu, mama mdogo akicheka asiguse dari. Na kabla hujabonyeza chochote kingine, weka nakala mbili sehemu mbili. Kusafisha, usisafishe. Kuku akilia, aache alie.

Matundu mawili yanakutosha. Moja ni la anayesimulia. La pili, sikia, si la mapambo. Mweke mtoto mmoja wa darasani kwako, anayeijua lugha, awe mwitikiaji. Mimi nilimsimulisha mama yangu peke yake kama mtu anayeongea na ukuta, ndiyo maana hadithi nyingine alikuwa anazikatisha. Na hao watoto wakikuita darasani kwa lugha yao, usiwanyamazishe. Wewe hutaelewa mwanzoni. Uliza, wakucheke, uliza tena. Mimi nilichekwa mara moja tu nikashindwa maisha yote.

Ndani ya kanga kuna pia flashi. Humo ndimo alimo mama, vile nilivyomwacha, nyororo na bila ulimi. Sikuwahi kuzifuta rekodi hizo. Mwombe mama mdogo Tatu, kama ataridhia, umwekee polepole, naye aongee juu yake kama siku ile. Safari hii wewe usizime. Akikataa, usimlazimishe, haki ni yake. Mpe sukari, mwambie Idi amekiri.

Adhana inakaribia, na muuza mchele ameanza kukusanya magunia, lakini kwenye spika yake mimi bado naita wateja. Nimebakiza dogo, na ndilo lililonifanya nikwepe swali lako zaidi ya mengine yote.

Zile rekodi zote, mwanzo wa kila moja, utasikia mama anavuta pumzi, halafu pengo, halafu kijineno kifupi. Ni hapo alipokuwa ananigusa goti. Programu ilianza kukata kwenye jina langu. Nimekaa mbele ya hilo pengo miaka mitano nikijaribu kuliziba. Najifungia humu, nagotesha ulimi mbele, pembeni, nyuma, kama wale wenzangu wa gololi. Hakitoki kile chenyewe. Sikumbuki ni kidoko kipi, na aliyeniita hivyo hayupo.

Mama mdogo Tatu analijua. Alikuwepo nilipozaliwa. Kabla ya hadithi zote, kabla ya nyimbo za watoto, mkalishe karibu na maiki, mwambie mtoto wa dada yake anaomba aitwe. Mara moja inatosha. Usiifanyie lolote, nitumie ilivyo, na kuku wake na mvua yake.

Nikiisikia na nikaweza kuitika, nitapanda basi mimi mwenyewe nije.

Mimi baba yako, ambaye kwa sasa naitwa Idi.